Ukiigusa, Itakufa

Katika mlima wa Kitonga, kona ya nne au ya tano ukitokea Mahenge, gari liliacha kupanda. Injini haikuzima. Nilikanyaga mafuta, mshale wa resi ukaruka hadi 4,000, injini ikanguruma kama ya lori, lakini gari likawa linasogea kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Nyuma yangu lori la kwenda Tunduma likapiga honi, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu. Kisha harufu ikaingia ndani. Haikuwa ya mpira wala ya petroli. Ilikuwa kama harufu ya sukari iliyoungulia chini ya sufuria.

Nilifanikiwa kulisogeza pembeni. Utingo wa lori lile akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akavunja matawi na kuyatandaza barabarani hatua 30 nyuma yangu ili wanaopanda wajue kuna gari bovu. Dereva wake, mzee wa makamo mwenye taulo shingoni, alikuja akainama dirishani, akavuta pumzi mara moja tu.

“Gia boksi hiyo, dada. Usizime injini. Weka P, iache izungushe oili ipoe. Ukianza tena, usipande na D. Weka L, taratibu, hadi Ilula.”

Nilikaa pale dakika 40 nikitazama mibuyu ya bondeni. Nilijua anachosema ni kweli, na nilijua jambo jingine ambalo sikumwambia. Gari lile lilikuwa limeniambia habari hiyo kwa muda wa mwaka mzima.

Asubuhi, nikitoka rivasi kwenda D, lilikuwa linafikiri kwanza. Sekunde moja, kisha mbili, kisha likagonga “ko!” ndipo likaondoka. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu resi ilipanda bila sababu. Nami sikwenda gereji. Nilijifunza kuishi nalo. Nilijua ni wakati gani wa kunyanyua mguu kidogo ili gia iingie bila kishindo, na mlima upi wa kuukimbilia kwa kasi tangu bondeni. Nilikuwa nimegeuka bingwa wa kuendesha gari bovu, na ubingwa huo ndio ulionificha ubovu wenyewe.

Gari lilikuwa la baba. Liliundwa Japani mwaka 2003, likashuka bandari ya Dar es Salaam mwaka 2012, naye akalinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake baada ya kustaafu ualimu. Kilomita zilisoma 86,000 siku aliyolinunua. Alilitumia kati ya Ifunda na Iringa mjini akibeba familia, majirani, magunia ya mahindi, na mara mbili maiti. Mwaka 2019 alinikabidhi ufunguo akisema macho yake yamekuwa na ukungu, haamini tena kuendesha jioni. Siku ile ya Kitonga odometa ilisoma 291,000.

Ndani ya dashibodi alikuwa ameacha daftari la shule lenye jalada la bluu. Kwa mwandiko wake wa ubaoni ameandika kila kitu: tarehe, kilomita, oili ya injini kila baada ya 5,000, plagi, breki, fani belti. Kurasa 26. Kuhusu gia boksi hakuna mstari hata mmoja.

Hakusahau. Aliambiwa asiiguse, na mimi nikaambiwa hivyo hivyo na mafundi watatu tofauti, Mwenge, Tegeta na Morogoro. Maneno yao yalifanana kana kwamba walisoma darasa moja: gia boksi ya zamani haibadilishwi oili. Ukiigusa, itakufa. Oili ya zamani, walisema, imechanganyika na unga wa klachi, na unga huo ndio unaosaidia pleti kushikana. Oili mpya itausafisha na gari litaanza kuteleza. Baba aliyafupisha kwa namna yake: “Iache, mwanangu. Imeshazoea.”

Safari yenyewe nilikuwa naifanya kwa ajili yake. Dada yangu mkubwa alinipigia simu kwamba baba ana kidonda kisiginoni, wiki ya sita sasa, hakikauki. Nilipouliza kwa nini hajapelekwa hospitali, dada alinyamaza, kisha akasema ba' mdogo na shangazi wamekataa. Wamesema mzee wa miaka 73 ukimpeleka kupimwa, wataanza kumtafutia magonjwa, na kidonda cha mguu hospitali wanajua dawa moja tu, nayo ni msumeno. Walitaja majina ya wazee watatu wa pale kijijini waliokwenda na kidonda. Wawili walirudi na mguu mmoja. Mmoja hakurudi kabisa.

Nilifika Ipogolo saa 9 alasiri, gari likiwa kwenye L muda wote kutoka mlimani. Nililala mjini kwa rafiki, na asubuhi nikalipeleka kwa fundi niliyeelekezwa, mzee mkimya ambaye gereji yake ni mwembe mmoja, kontena moja na shimo moja.

Hakuuliza maswali mengi. Aliniambia niwashe injini, nipitishe gia zote polepole, P, R, N, D hadi L na kurudi, huku nimekanyaga breki, kisha niache P injini ikiendelea kuunguruma. Akachomoa dipstiki ya gia boksi, akaipangusa kwenye kipande cha shuka jeupe, akaniletea shuka lile kama mtu anayeleta barua. Oili nzuri ya gia boksi ni nyekundu, ya kuona ndani, kama juisi ya rozela. Iliyokuwa kwenye shuka ilikuwa ya rangi ya kahawa iliyochemshwa mara ya pili, na ilinuka ile harufu ya Kitonga.

“Hii haijaguswa tangu Japani?”

Nikamwambia walichoniambia mafundi. Nilisema kwa kujitetea, kwa sauti ya mtu aliyefuata ushauri wa wataalamu.

“Dada, nikuulize. Watu huja kubadilisha oili ya gia boksi lini? Gari likiwa zima? Haji mtu. Wanakuja likishaanza kuteleza, klachi pleti zimeshaungua. Nikibadilisha leo, kesho likifa, nani ameua? Ni mimi. Sasa mgonjwa amelala miezi sita, umempa panadol saa 5, amekufa saa 6. Panadol ndiyo imeua?”

Alirudi kwenye shimo lake, mimi nikabaki na lile shuka mkononi. Nilikuwa nimekuja kwa habari za gari, lakini nilichokuwa nasikia ni sauti ya shangazi.

Ni vyema nieleze kidogo kinachofanyika mle ndani, kwa sababu wengi tunaendesha otomatiki bila kujua tumekalia nini. Katika gari la manyuo, injini na magurudumu hushikana chuma kwa chuma. Katika otomatiki ya kawaida, katikati kuna oili. Chukua feni mbili uzielekezanishe, washa moja: upepo wake utaizungusha ya pili ambayo haina umeme. Toko konveta hufanya hivyo, ila kwa oili badala ya upepo. Mjerumani Hermann Föttinger alisajili wazo la kupitisha nguvu kwa namna hiyo mwaka 1905, na alizokuwa akiziwazia ni meli, si magari. Otomatiki ya kwanza kuundwa kwa wingi, Hydra-Matic, ilitoka kwenye Oldsmobile za Marekani za mwaka 1940, nayo ilipitisha nguvu kwa oili vilevile. Mbele ya hapo kuna gia zinazozungukana, zikishikwa na kuachiwa na klachi, pleti nyembamba zilizopangwa kama sahani, zenye utando wa kitu kinachofanana na karatasi ngumu. Kinachozibana pleti hizo ni msukumo wa oili. Oili ikichoka, zinateleza. Zikiteleza, joto linapanda. Joto likipanda, oili inaungua zaidi na pleti zinateleza zaidi. Ndiyo maana injini yangu ilikuwa nzima, matairi mazima, na gari haliendi. Nguvu ilikuwepo, ila ilikuwa inapotelea njiani na kugeuka moto.

Oili hiyo, basi, ina kazi nyingi kwa pamoja: kulainisha, kupoza, kusukuma na kusaidia kushika. Na si oili yoyote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani walikuwa wakichanganya ndani yake mafuta ya nyangumi, kwa kuwa yalistahimili joto na kuzifanya klachi zishike vizuri bila kishindo. Nyangumi walipolindwa na sheria, waundaji walihangaika kupata kitu cha kushika nafasi yake, na gia boksi nyingi zikaharibika katika kipindi hicho. Fundi wa Ipogolo hakunisimulia habari za nyangumi, lakini alinituma mjini na jina la oili limeandikwa kwenye kipande cha boksi, akanionya nisikubali kupewa ya CVT, zile otomatiki za mkanda, eti zote ni za otomatiki. Ukiweka ya CVT kwenye gia boksi ya pleti, au ya pleti kwenye CVT, hapo kweli utakuwa umeiua wewe.

Aliponiita shimoni sampu, sinia la oili chini ya gia boksi, ilikuwa imeshashuka. Alikuwa amefungua boliti za namba 10 zote isipokuwa mbili za kona moja, sampu ikainama taratibu, oili ikamwagikia kwenye dumu lililokatwa. Chini ya sampu kulikuwa na sumaku ndogo za mviringo, kila moja imeota manyoya ya kijivu, kama ukungu kwenye mkate. Alibandua moja, akalisugua lile tope kati ya kidole gumba na cha shahada, akaninyooshea nami nisugue.

“Laini?”

“Laini.”

“Kama unga wa muhogo. Huu ni uzee tu, na kila gia boksi inao. Ningekuta vipande vinavyong'aa, vinavyochoma kidole, ningefunga sampu tukaongea habari za kutafuta nyingine Gerezani, kule Dar.”

Nilikaa na unga ule kidoleni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kilomita 291,000 zilikuwa pale: magunia ya mahindi, misiba, foleni ya Ubungo, kila “ko!” ya asubuhi niliyojifanya sikuisikia. Sumaku ilikuwa imeweka kumbukumbu yote na haikuhitaji ushahidi wangu.

Nilimwambia basi tuisafishe yote siku ile ile. Nilikuwa nimesikia kuna mashine ya kusukuma oili ya zamani yote itoke, iingie mpya. Alikataa. Alisema kwa gari ambalo halijaguswa miaka 20, kulishtua hivyo si kulitibu. Sampu ilitoa lita 3 na nusu. Nyingine kama hizo zilibaki kwenye toko konveta na mifereji yake. Ataweka 3 na nusu mpya, chujio safi, gasketi mpya. Niende kilomita 1,000, nirudi, tumwage tena. Kisha tena. Mara ya kwanza inabaki nusu ya uchafu, mara ya pili robo, mara ya tatu sehemu moja ya nane. “Kitu kizee hukiachi,” alisema akikaza boliti ya mwisho, “na hukivamii.”

Jioni ile nilipanda kwenda Ifunda. Gari lilikuwa bado linasita kidogo, lakini lilishika. Baba alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda, kitambaa kimezungushwa kisiginoni.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Gari linasemaje?”

Nikamwambia nimeigusa gia boksi. Aliniangalia kwa muda. Kando yake kulikuwa na jagi la maji, na dada alinyanyuka kulijaza mara mbili kabla hatujamaliza salamu. Hapo ndipo niliona, kwa aibu ambayo bado ninayo, kwamba nilikuwa nimeliona jagi lile kwa miaka. Alipokuwa akiendesha, mlango wa dereva haukukosa chupa mbili za maji. Tuliposafiri pamoja, ilibidi tusimame kila baada ya saa moja ashuke vichakani, nasi tukamzoea, tukawa tunapanga vituo kwa kumwangalia usoni. Ukungu wa macho tuliuita uzee. Tulikuwa mabingwa wa kuishi na baba mgonjwa, kama nilivyokuwa bingwa wa kunyanyua mguu ili gia iingie.

Ba' mdogo na shangazi walikuja usiku. Sikuwabeza, na sitaki msomaji awabeze. Hofu yao ilikuwa na ushahidi: wazee watatu, kwa majina, na makaburi au magongo ya kuonyesha. Walichokosea ni mpangilio wa saa. Wale wazee hawakupelekwa wiki ya kwanza. Walipelekwa kidonda kikiwa kimeoza, kisha hospitali ikabeba lawama ya miezi yote iliyotangulia. Niliwasimulia mfano wa panadol alionipa fundi, na jinsi alivyoikagua sumaku. Ba' mdogo alicheka kidogo, shangazi hakucheka. Aliyeamua ni baba mwenyewe. Aliuliza, “Ile sumaku, uliikuta na vipande?” Nikamwambia hapana, unga tu. Akasema, “Basi twende tukaangalie yangu.”

Sukari yake asubuhi kabla ya kula ilikuwa 15.2. Kuanzia 7 tayari ni kisukari. Daktari akaagiza kipimo kingine, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120 na sukari hujibandika ndani yake. Ukifunga kula siku mbili kabla ya kwenda kliniki ili kumfurahisha daktari, damu itasema ukweli bado. Baba, mwalimu wa hesabu, alielewa haraka kuliko sisi. “Ni sumaku,” akasema. Daktari hakujua anazungumzia nini.

Waliokoa mguu. Vidole viwili havikuokolewa. Siku tuliporudi Ifunda shangazi alimpokea baba kwa machozi, kisha akanivuta kando: “Mlimchukua na vidole kumi.” Sikuwa na jibu la kumtosha, na sidhani lipo. Yeye aliona kilichotokea baada ya hospitali. Hakuona kilichokuwa kikitokea ndani ya soksi. Nimejifunza kutobishana naye. Ninapokwenda kumsalimia humchukua kwenda kupimwa presha kwanza, wakati hana anachoumwa, na sasa amenizoea.

Kwa baba pia hatukuvamia. Dada alitaka siku ile ile aache chai ya sukari, ubwabwa, ulanzi mtamu, kila kitu. Muuguzi wa kliniki alimtuliza. Vijiko vitatu vikawa viwili kwa wiki mbili, kikawa kimoja, kisha chai kavu. Vidonge asubuhi na jioni na chakula. Kutembea hadi shuleni na kurudi kidonda kilipofunga. Sukari ilishuka kwa ngazi, na kuna wiki ilipanda tena, hasa wakati wa harusi ya mjukuu. Hatukumgombeza.

Gari nililirudisha Ipogolo mara mbili kama nilivyoagizwa. Mara ya tatu shuka lilitoka na rangi nyekundu iliyofifia, ya kuona ndani. Halijawa jipya. Asubuhi za baridi za Ifunda linasita bado kabla ya D, na mimi nalisubiri. Fundi ameniambia wazi kwamba pleti zilizoungua hazirudi, na kwamba siku moja nitakwenda Gerezani. Tangu hapo limepanda Kitonga mara sita. Leo linasoma 318,400.

Daftari la bluu limerudi kwa baba. Upande mmoja anaandika kilomita na oili ninazomtajia kwa simu, upande wa pili sukari yake ya asubuhi.

Kama gari lako la otomatiki limetembea sana na hujui oili ya gia boksi ilibadilishwa lini, kesho liwashe lipate joto, chomoa dipstiki, ipanguse kwenye kitambaa cheupe. Kama halina dipstiki, yapo mengi ya namna hiyo, mwambie fundi aikague kutokea chini. Na kama nyumbani kuna mzee anayeamka mara tatu usiku kunywa maji, mpeleke akapimwe asubuhi, kabla hajanywa chai.